Kornelia Akataa Wembe

Kornelia wa kijiji cha Gitting alifanya kazi kwenye ghala la shamba la ngano la serikali. Alipepeta ngano tangu asubuhi. Vumbi lilimjaa kichwani, na upepo wa mlima Hanang haukumhurumia. Nywele zake zilikauka, zikaanza kukatika.

Mwaka ule mafuta ya kupaka yaliadimika madukani. Mumewe Nicodemo, fundi wa matrekta, akamletea grisi kwenye kopo. Wanawake wengi wa pale ghalani walipaka grisi kwa sababu inang'aa. Kornelia naye akapaka. Hata kitambaa hakufunga, ili mng'ao uonekane. Jioni aliitoa kwa sabuni ya mche, akisugua mpaka kichwa kinauma.

Nywele zikazidi kukatika. Mama mkwe wake, Letisia, alichoka kuziona.

"Krismasi ikifika ziko hivi, nakunyoa mwenyewe," alisema. "Huwezi kututia aibu kanisani."

"Mama, kichwa ni changu," alijibu Kornelia. "Sinyoi."

Letisia alikasirika sana. Hakuzoea kujibiwa.

Siku ya mnada, Kornelia alishuka mjini Katesh kutafuta dawa ya nywele, kwenye duka la viungo la mama mmoja aitwaye Sada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sada alimgusa nywele, akanusa vidole. "Hii si grisi?"

"Ni grisi, mama."

"Grisi ni ya trekta. Inanasa vumbi na kuumiza ngozi. Nayo sabuni ya kufulia inamaliza mafuta yote ya kichwa. Acha vyote viwili."

Sada akachota mbegu ndogo za njano.

"Huu ni uwatu. Jirani yangu Mhindi alinifundisha nilipokaa Arusha. Ni tiba yao ya asili, wanaiita Ayurveda. Loweka vijiko viwili usiku kucha. Asubuhi saga mpaka uwe uji mzito. Paka kichwani, kaa nusu saa, suuza kwa maji mengi. Kisha paka mafuta ya nazi ya uvuguvugu, haya naletewa kutoka pwani, ukikanda kichwa taratibu. Mara moja kwa wiki inatosha."

"Nitapona lini?"

"Huu si uchawi. Inahitaji miezi. Kwanza jaribu kidogo mkononi. Ukiwashwa, acha. Ukiona vidonda kichwani, nenda zahanati. Na kazini funga kitambaa."

Nyumbani Letisia alicheka. "Sasa unajipaka viungo vya mchuzi?"

Kornelia aliendelea kupaka. Nicodemo alipoleta grisi nyingine, Kornelia alimwambia airudishe alikoitoa. Miezi minne ikapita.

Asubuhi ya Krismasi, Letisia alikuja na wembe. Kornelia hakukimbia. Alivua kitambaa mbele yake. Nywele zilikuwa fupi bado, lakini laini na zimejaa. Letisia akazivuta kidogo. Hazikukatika.

Akagusa kichwa chake mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hata zangu zimekauka."

"Nitakupaka, mama," alisema Kornelia. Akanyoosha mkono. "Ila kwanza nipe huo wembe."

Letisia akampa.