Aliyegonga Kulungu Stavely

"Ng'ombe wa nane yuko nje ya zizi."

Joelle Bergstad aliubana usukani wa pikapu yake, Silverado, mpaka vidole vikamuuma. Kauli ile ilikuwa na maana moja tu.

Jasusi mwenzake, Emmett Quarles, ametekwa.

"Rudia, bosi."

"Umenisikia." Sauti ya Pruitt, mkuu wake, ilikwaruza kwenye simu ya setilaiti. "Asubuhi hii alirusha ujumbe, ukakatika katikati. Sikiliza."

Ikaja sauti ya Emmett. Alikuwa akihema.

"Mzigo unavuka leo kuingia Kanada. Dereva simjui jina. Anajisifu kwamba Aprili aligonga kulungu Stavely akiwa chakari, wakamlaza ndani. Ana mtu wake kwenye kituo cha sherifu, kwa hiyo msi..."

Kishindo. Kisha kimya.

Mzigo Joelle aliujua. Vifaa vya kuongozea makombora, vimeibwa ghalani, vinakwenda kwa wanunuzi wa ng'ambo. Lakini si mzigo uliomtia hofu. Emmett ndiye aliyemfundisha kazi. Ndiye aliyembeba mgongoni siku alipopigwa risasi ya paja.

"Alama za vidole za huyo dereva?"

"Kaunti haikuzileta kwetu. Hatuna kitu."

"Basi naingia na kitambulisho."

"Ukionyesha kitambulisho, mtu wao atampigia dereva, na Emmett atakuwa maiti. Ingia kama raia. Kumbukumbu za waliokamatwa ni mali ya umma, Joelle. Uliza tu, watakupa."

Uliza tu. Ungedhani anamtuma chumvi kwa jirani.

Kaunti ya Stavely, katika jimbo la Dakota Kaskazini, Marekani, ni alizeti, ngano na upepo. Kituo cha sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, kilikuwa na dirisha moja la kioo kinene. Nyuma yake alikaa naibu kijana mnene, akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe. Kifuani pameandikwa jina lake: ZASTROW.

"Habari, afande. Naomba kumbukumbu za waliokamatwa mwezi Aprili."

"Wewe nani?"

"Raia."

"Raia wa hapa nawajua wote. Hata mbwa wao nawajua." Akatema ganda. "Ziko kwenye tovuti."

Joelle akafungua tovuti pale pale. Ukurasa haupatikani.

"Imekufa, afande."

"Basi na kumbukumbu zimekufa nayo. Nenda mahakamani, dada."

Mahakama ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kwenye dirisha la karani palitundikwa kibao: NIMEKWENDA KULA.

Akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Kila gari la mizigo lililopita nje likielekea mpakani lilimchoma kama msumari. Mwisho akatokea mama wa makamo, nywele nyeupe, bakuli la supu ya viazi mkononi. Arlys Fettig, karani.

"Waliokamatwa? Hao wa sherifu, mpenzi. Mimi ninao walioshtakiwa."

"Huyu alishtakiwa, mama."

"Vizuri. Jina lake?"

"Silijui. Jina ndilo ninalolitafuta."

"Mashine inatafuta kwa jina."

"Na mimi natafuta jina."

"Sasa bila jina nitalipataje jina?" Arlys akamwangalia kwa huruma ya kweli, kama anavyoangaliwa mgonjwa. "Rudi kwa sherifu, mpenzi."

Akarudi kwa sherifu.

"Jaza hii karatasi," alisema Zastrow. "Majibu wiki mbili."

"Wiki mbili?"

"Sherifu hayupo. Yuko kwenye mavuno kwa shemeji yake. Na una haraka ya nini wewe? Mumeo alilala ndani?" Akacheka peke yake, maganda yakamrukia kidevuni.

Mkono wa Joelle ulikwenda wenyewe kwenye bastola yake, Glock, chini ya koti. Akaurudisha. Akatoka nje, akalipiga teke gurudumu la gari lake mwenyewe.

Simu ikaita.

"Umepata?" Pruitt.

"Bosi, kasiki ya ubalozi niliifungua kabla chai haijapoa. Hapa nimeshindwa na dirisha."

"Emmett hana muda."

"Unadhani sijui?"

Akakata. Machozi ya hasira yalikuwa karibu, akayameza. Fikiri, mwanamke. Jina huna. Una nini? Una pombe. Una kulungu. Una Aprili.

Akavuka barabara karibu akimbie.

"Mama Fettig! Mashine yako inaweza kutafuta kwa kosa? Kuendesha gari akiwa amelewa, Aprili?"

"Kwa kosa?" Arlys akaweka kijiko chini. "Kwa kosa inaweza. Mbona hukusema?"

Joelle aliuma midomo mpaka akaonja damu.

Vidole vya Arlys vilitembea kwenye vitufe kama kuku anayedonoa. Walevi wa Aprili walikuwa wachache. Mmoja wao aliliingiza gari mtaroni baada ya kugonga kulungu. Arlys akaingia stoo, akatoka na jalada jembamba.

"Huyu hapa. Karatasi ya kukamatwa, picha, gari, vyote. Ukitaka nakala..."

Kiganja kinene kikatua juu ya jalada.

"Nilisema wiki mbili," alisema Zastrow. Alikuwa amemfuata.

Ndiye, yule mtu wa dereva kituoni.

Arlys Fettig alikichukua kijiko chake cha supu akampiga nacho kwenye vifundo vya vidole. Ta!

"Toa mkono wako, Kyle! Hiki ni kitu cha umma. Mama yako nitamwambia Jumapili kanisani."

Zastrow aliutoa. Uso ukamwiva. Akageuka, akatoka haraka, simu tayari mkononi.

Joelle alifunua jalada mara moja. Wendell Strouse. Mfanyabiashara wa farasi. Pikapu aina ya Ram, nyeupe, na trela la farasi. Uso mrefu, sikio la kushoto limekatika ncha. Miwani yake ya kijasusi ikapiga picha kimyakimya na kuirusha kwa Pruitt.

Akabonyeza kalamu iliyokuwa mfukoni. Mawimbi ya simu mtaa mzima yakafa.

Alipotoka nje, Zastrow alikuwa nyuma ya gari lake, akiitikisa simu.

"Haishiki, afande?"

Zastrow akachomoa bastola. Alikuwa mzito mno. Joelle alimpiga ngumi ya koo, akamkata mtama, akamfunga kwa pingu zake mwenyewe kwenye bampa.

"Strouse kapita njia gani?"

"Sijui..."

Akamkandamiza goti mgongoni. Hasira ya dirisha lote ilikuwa ndani ya goti lile.

"Barabara ya maghala ya ngano! Kaskazini! Kaondoka muda mrefu!"

Silverado iliruka. Kokoto zikalia chini ya magurudumu. Alizeti zikawa ukuta wa manjano pande zote mbili.

"Pruitt! Mpakani wamepata ile picha?"

"Wamepata. Ila akiona kizuizi atamuua Emmett kwanza."

"Basi asifike."

Vumbi mbele. Trela.

Risasi ya kwanza ilipasua kioo chake cha pembeni. Ya pili ikapita juu. Joelle alishusha dirisha, akaelekeza Glock kwenye tairi, kisha akasita. Tairi likipasuka kwa mwendo ule, trela litabiringika. Na kama Emmett yumo?

Akaapiza, akaingia shambani.

Alizeti zilipigwa mweleka mbele ya boneti. Haoni kitu. Akakanyaga mafuta tu, akiomba pasiwe na mtaro. Akachomoka barabarani mbele ya Strouse, penye daraja jembamba, akaliziba kwa gari zima.

Ram ilifunga breki, ikayumba, ikasimama.

Strouse aliruka nje na bunduki fupi.

"Sogeza gari, wewe malaya!"

Joelle alifyatua mara moja. Bega. Bunduki ikaangukia kijitoni.

Ndani ya trela mlikuwa na farasi wawili, macho meupe kwa hofu. Akawatoa mmoja mmoja. Akafagia majani makavu kwa mguu, akagonga sakafu. Mvungu. Akang'oa ubao.

Masanduku ya kijani. Na kati ya masanduku, Emmett Quarles, amefungwa kama furushi, jicho moja limevimba.

Joelle akambandua utepe mdomoni.

"Umechelewa," Emmett alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Nilikuwa kwenye foleni."

Emmett alijaribu kucheka, mbavu zikamkatalia.

Helikopta zilitokea kusini. Joelle alimkabidhi Strouse kwa wa kwanza kushuka, akasimama mpaka machela ya Emmett ilipopakiwa. Simu ikaita. Pruitt alitaka taarifa ya maandishi, nakala tatu.

"Jaza mwenyewe, bosi," alisema.

Akaizima, akapangusa mbegu za alizeti kwenye boneti, akaondoka taratibu dirisha likiwa wazi.