Kwa Nini Gari la Mshonaji Lilichemka

Mshonaji wa mtaa wetu alikuwa nadhifu kupita kiasi. Uzi ukidondoka sakafuni, aliuokota papo hapo. Hata gari lake kuukuu alilifuta kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

"Natamani siku moja unitazame mimi hivyo," mkewe alimtania.

Wiki ile nyumba yao ilijaa furaha. Binti yao mkubwa alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, na Jumamosi angepewa cheti. Bibi yake, mama wa mshonaji, alikuwa akihesabu siku. Lakini magoti yalimsumbua, na hakuweza kupanda basi. Angekwenda kwa gari la mwanawe, au asingekwenda kabisa.

Jumatano asubuhi, mshonaji na mkewe walikuwa njiani kununua vitambaa. Walipopanda mlima, mshale wa joto ukafika kwenye alama nyekundu. Mvuke ukatoka mbele ya gari.

"Simama, baba! Simama!" mke alisema.

Mshonaji aliegesha pembeni, akazima injini. Hapo alifanya vizuri. Kisha akafungua boneti na kunyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Hapo alitaka kujitia matatani.

"We jirani, acha!"

Aliyepiga kelele alikuwa jirani yao, fundi wa magari. Mtaa mzima ulimwita Mama Spana. Gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, naye alikuja mbio.

"Ukifungua sasa, maji ya moto yatakurukia usoni," alisema. "Mahafali ya binti yako utayaona kwa jicho moja!"

"Sasa tufanye nini?"

"Tukae. Injini ipoe kabisa. Nusu saa, hata zaidi."

Wakakaa kwenye benchi la gereji. Mshonaji hakutulia. Alikuwa akimfikiria mama yake.

"Lakini kwa nini injini inachemka?" mke aliuliza.

"Injini ikifanya kazi inapata joto," Mama Spana alieleza. "Maji yanazunguka ndani yake, yanachukua lile joto na kulipeleka kwenye rejeta. Upepo unapita kwenye rejeta, maji yanapoa, yanarudi tena. Kimoja kikikwama, gari linachemka."

Injini ilipopoa, Mama Spana alifungua kifuniko polepole. Maji yalikuwa yamepungua. Akapapasa mipira ya maji mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa umelowa kwenye maungio. Alikaza klipu yake kwa bisibisi.

"Kumbe ni hicho tu!" mshonaji alifurahi. "Twende zetu."

"Subiri kwanza. Gari kuukuu linaweza kuwa na maradhi mawili."

Akajaza kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, kisha akawasha gari. Baada ya muda feni ikaanza kuzunguka. Mama Spana akashika karatasi mbele ya gari.

"Feni inavuta upepo. Karatasi hii inatakiwa inate hapa."

Akaiachia. Karatasi ikaanguka chini, na mshale ukaanza kupanda tena. Alizima injini haraka, akamulika tochi mbele ya rejeta. Akatazama mara mbili.

"Jirani, hiki kitambaa cheusi ni cha nini?"

Uso wa mshonaji ukachangamka. "Ah, hicho nimekishona mwenyewe juzi! Kinazuia vumbi na wadudu. Nimekipiga mshono mara mbili, hakichaniki."

Mama Spana alimtazama mke. Mke alimtazama Mama Spana. Wakaangua kicheko.

"Umeishonea rejeta blanketi!" mke alisema, huku akijifuta machozi. "Na juani!"

Mshonaji aliona haya, kisha naye akacheka.

"Mshono ni mzuri, sikatai," Mama Spana alisema. "Lakini rejeta haifunikwi. Ikiwa chafu, ngoja ipoe, kisha ioshe kwa maji yasiyo na nguvu. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, angalia kiasi cha maji."

Wakakitoa kitambaa. Safari hii karatasi ilinata. Wakapanda mlima mara mbili, na mshale ukabaki katikati. Mshonaji alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Jumamosi, bibi alikaa kiti cha mbele. Macho yake hayakutoka kwenye mshale.

"Mwanangu, haujasogea."

"Mama, tazama hata njia basi!"

Walifika mapema, wakapata viti vya mbele ukumbini. Jina la binti lilipoitwa, bibi alisimama mwenyewe, bila kushikwa mkono. Akapiga vigelegele virefu, na mkuu wa chuo akangoja kwa adabu, cheti mkononi, mpaka alipomaliza.