Kanga ya Bi Sitaki

Siku ya gulio Same mjini, upepo ukipuliza vumbi mpaka kwenye mandazi, watu wawili walishika mfuko mmoja wa vizibo vya soda na hakuna aliyetaka kuachia.

"Kaka, nimewahi mimi!"

"Umewahi kushika. Aliyeomba ni mimi, muulize mama muuza soda."

"Vizibo vya nini kwako?"

"Vya somo la muziki. Tunavitoboa, tunavipanga kwenye waya, watoto wanavaa miguuni. Na wewe?"

Msichana alicheka hadi mfuko ukamtoka. "Na mimi hivyo hivyo, kwa maigizo!"

Aliitwa Yudith, binti wa Chome kule mlimani, gauni la kitenge cha bluu limemkaa vizuri. Kijana alikuwa Gidion, mtoto wa wafugaji wa tambarare, mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi. Wote walikuwa wanachuo, na wote walikuwa wamepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi pale mjini, Yudith maigizo, Gidion nyimbo.

"Gaweni basi, mnanizibia wateja," alifoka muuza soda. Wakagawana, na namba za simu wakapeana.

Mapenzi yalikuja mbio. Kila jioni simu ililia.

"Umekula, mrembo wa milimani?"

"Nimekula makande. Wewe umekunywa maziwa, hata siulizi."

"Nimekunywa, sauti imenoga. Nikuimbie?"

"Imba, mpenzi, lakini polepole. Wenzangu wanasikiliza, tena wanakusifu kuliko ninavyopenda."

Darasani Yudith alikuwa moto. Alikuwa na kanuni moja ambayo watoto waliishika kuliko jedwali la kuzidisha: akijifunga kanga nyekundu kichwani, si mwalimu tena, ni Bi Sitaki, mama mkaidi anayekataa kila anachoombwa. Akiivua, mwalimu amerudi. Watoto walimbembeleza Bi Sitaki kwa maneno mazuri mpaka alainike, na hapo wakawa wamejifunza kuomba kwa adabu.

"Alhamisi uje kama mgeni," alimwambia Gidion. "Uombe kitu kigumu."

Gidion alikuja. Lakini usiku kucha alikuwa anawaza jambo lake, na alipomwona Yudith amesimama mbele ya darasa, macho yanang'aa, mchezo ukamtoka kichwani kabisa. Akapiga goti kwenye vumbi la chaki.

"Yudith, niruhusu nije Chome nijitambulishe kwa wazee wako."

"Sitaki!" alijibu Bi Sitaki, mkono kiunoni. Darasa zima likaangua kicheko.

Gidion akainuka, akatoka. Yudith alidhani mgeni ameigiza vizuri mno, akaendelea na somo. Jioni akapiga simu, haikupokelewa. Ijumaa, Gidion hakuonekana shuleni. Jumatatu Mwalimu Tumainieli, msimamizi wao, akamwita ofisini.

"Mwenzako anaomba nimhamishie shule nyingine leo hii. Mmegombana?"

Yudith akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba simu yako."

Ililia mara moja tu ikapokelewa.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Gidion kwa unyonge.

"Marahaba," alijibu Yudith.

"Aa! Yudith? Unataka nini? Umenikataa mbele ya watoto!"

"Nimekukataa mimi? Kichwani nilivaa nini?"

Kuku alisikika upande wa pili.

"Kanga," alisema Gidion polepole.

"Na mwenye kanga ni nani?"

"Bi Sitaki. Jamani, Yudith! Nimekuwa mjinga!"

"Sana. Njoo darasani, sasa hivi."

Alikuja anakimbia, shati lake safi limelowa jasho. Yudith alikuwa mbele ya darasa, kanga nyekundu kichwani. Gidion akasimama mlangoni. Yudith akamtazama, akafungua fundo, akaikunja kanga taratibu na kuiweka mezani.

"Ni mwalimu!" alipiga kelele Naisiae wa dawati la mbele. "Mwalimu Gidion, omba sasa, ni mwalimu!"

"Nije Chome, Yudith?"

"Njoo," alisema Yudith, machozi na kicheko pamoja. "Njoo Jumapili hii. Ila baba yangu hana kanga, Gidion. Yeye akisema sitaki, ni kweli hataki. Kwa hiyo njiani ufanye mazoezi ya kuomba."

"Tutamfundisha kuomba sisi!" walijibu watoto, wakaanza pale pale.