Mfarishi wa Manyoya ya Bata Bukini

Relja, mtoto wa miezi mitatu, alikuwa chali kitandani mwake, nguo zimenyooshwa kana kwamba anangoja wageni. Inspekta Slavka Pejčić hakuupenda unadhifu ule. Uso na kifua cha mtoto vilikuwa na madoa ya zambarau, na damu ya maiti hutuama upande wa chini. Huyu alikufa kifudifudi, akakaa hivyo kwa saa kadhaa. Mtu alikuja baadaye akamgeuza.

Nje košava, upepo mkali wa baridi, ulikuwa ukisukuma madirisha yaliyozibwa kwa matambara. Jikoni, Desanka, nyanya wa mtoto, alishatoa hukumu.

"Muulizeni mkwe wangu. Alilala naye, akamlalia. Wasichana wa siku hizi wanalala kama magogo."

Tijana, mama wa mtoto, hakujitetea. Askari alishamwambia avae koti.

"Wewe ulimlaza wapi, binti?" Slavka alimuuliza.

"Kitandani mwake. Chali, bila mto, bila blanketi, kama nesi alivyotuelekeza. Lakini labda nilimchukua usingizini. Mama mkwe anasema hivyo. Mimi sijui tena."

Slavka alifungua kasha chumbani kwa Desanka. Chini kabisa kulikuwa na mfarishi mzito wa manyoya ya bata bukini, katikati una unyevu wa maziwa yaliyocheuliwa. Akaupeleka jikoni.

"Nani alimfunika na huu, mama?"

Desanka aligeukia jiko.

"Huyu msichana anakwenda rumande," alisema Slavka.

"Alimwacha mtoto wazi, na upepo unapenya humu," alisema Desanka. "Usiku nikamgeuza kifudifudi, nikamfunika. Alfajiri nikamkuta keshapoa. Nikamrudisha chali."

"Ukamsingizia mama yake."

"Goran mwanangu, baba wa mtoto, angenifukuza. Niende wapi na uzee huu?"

"Upepo haukumuua, mama. Alikosa hewa, uso umezama kwenye godoro na mfarishi juu yake."

"Usinifundishe. Nimelea watatu hivyo hivyo, chini ya mfarishi huu."

"Ulizaa wangapi?"

Desanka alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Wanne. Wa kwanza alichukuliwa na upepo. Nilikuwa nimemfunika vizuri, ila dirisha lilikuwa wazi kidogo. Mama mkwe alisema mimi ndiye niliyemuua."

Hasira ilimpanda Slavka, na hakujua ammwagie nani.

Tijana alikuwa amesikia yote, koti bado mwilini. Alikwenda dirishani, akang'oa matambara moja baada ya jingine, akalifungua dirisha, akauacha upepo uingie.