Namkunda Afagia Kijito

Sikilizeni, lakini msimkaribie sana Namkunda. Leo amekasirika.

Namkunda anaishi milimani, Upare. Asubuhi hii Mama amemtandikia kitanda. Kanga yake kuukuu, ile anayojifunika hadi puani, haipo.

"Mama, kanga yangu iko wapi?"

"Ile imeshakuwa dekio, mwanangu. Kitanda safi, usingizi mtamu."

Namkunda akakasirika. Mashavu yakavimba. Miguu ikapiga chini: di, di, di.

Akachukua ufagio, akashuka kijitoni. Mbonea, mdogo wake, akamfuata kwa mbali. Anamjua dada yake.

Kijitoni, nyuma ya jiwe, kuna kidimbwi. Humo wanakaa viluwiluwi wa Namkunda. Siku moja watakuwa vyura.

"Ona uchafu huu," akasema Namkunda. "Majani yameoza. Nani anaishi hivi?"

Fya, fya, fya. Akatoa majani yote. Akasukuma jiwe pembeni.

"Nyumba safi, usingizi mtamu," akasema, kama Mama.

Lakini maji yakapata njia. Shwaaa. Yakapita mbio katikati ya kidimbwi.

Namkunda akainama. Hakuona hata mkia mmoja.

"Dada, umewafukuza," akasema Mbonea.

"Sijawafukuza. Nimewafagilia. Hawana shukrani."

Namkunda akakasirika zaidi. Mashavu yakavimba. Miguu ikapiga chini: di, di, di.

"Huko chini kuna samaki," akasema Mbonea polepole. "Watawala."

Sasa machozi yakamtoka Namkunda. Hayo nayo yakamkasirisha.

"Basi chukueni jiwe lenu." Akalisukuma. Kubwi.

"Chukueni na majani yenu." Akayarusha kwa mikono miwili. Pwa, pwa, pwa.

Maji yakapunguza mbio. Yakatulia.

Kwenye mizizi ya ukingoni, kitu kikatikisika. Kichwa kikachungulia. Kisha mkia. Kisha mikia mingi.

Viluwiluwi wakaingia chini ya majani yaliyooza. Wakaanza kuyatafuna.

"Kumbe ni chakula chao," akasema Mbonea.

"Na ni blanketi lao," akasema Namkunda.

Unadhani hasira ziliisha? Wapi. Akapanda nazo hadi nyumbani: di, di, di.

Mama alikuwa ameinama juu ya ndoo. Kanga ilikuwa mkononi mwake.

"Mama, usidekie. Nimefagia kijito, na viluwiluwi nusura waliwe. Sikuwauliza. Na wewe hukuniuliza."

Mama akaitazama ile kanga.

"Kweli, sikukuuliza," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Akaikamua, akaianika karibu na jiko.

Usiku kanga ilinukia moshi. Ilikuwa na matundu yale yale. Namkunda akajifunika hadi puani.

Mashavu yakanywea. Miguu ikagonga godoro mara ya mwisho: di, di.

Kisha ikalala.