Mwenza: Hakuna

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hata leo hakatai. Duka la fotokopi lilijaa watu hadi mlangoni, naye kijana ameilalia mashine kifua kizima, akificha fomu tupu ya kurasa arobaini ya kuomba kazi idara ya ujasusi. Nyuma yake alisimama dada wa gauni la njano, kalamu kaichomeka kwenye nywele.

"Kaka, hiyo mashine unaitolea kopi au unainyonyesha?"

Foleni nzima ikacheka.

"Ni fomu za bima," akajibu, jasho likimtoka.

"Basi nikatie na mimi, maana kwa foleni hii nitafia hapa."

Kijana aliondoka na namba ya dada. Mwezi haukuisha wakawa wanapigiana kila jioni, yeye muuza bima, dada mtu wa takwimu. Waongo wawili wanaopendana kweli.

Fomu ilipofika mstari wa mwenza, aliogopa wapekuzi wa idara wasije wakamchimba binti wa watu mpaka kwa shangazi zake. Akaandika: hakuna.

Akaitwa kazini. Simu inafungiwa kabatini getini, kisha chumba kisicho na dirisha, viti vitano, kalenda ya mwaka jana. "Subirini upekuzi ukamilike." Kazi hapewi, kusema alipo haruhusiwi, kuacha hawezi, kiapo kashasaini. Wiki kumi na moja. Maelekezo ya kizimamoto ameyakariri mpaka nukta.

"Mpenzi, mchana simu yako inalala wapi?" dada akauliza jioni moja.

"Nakuwa na wateja."

"Kutwa nzima? Wateja gani hao, hawakuachi hata ukojoe?"

"Nitakueleza."

"Usichelewe. Mimi si bima ya maisha."

Akakata. Siku nne hakupokea simu.

Siku ya tano mlango wa kile chumba ukafunguliwa. Mkuu akatangaza kwamba dada huyu wa utumishi anachunguza kwa nini wafanyakazi wapya wanapokelewa ovyo namna hii, ataongea na mmoja mmoja. Gauni la njano. Kalamu kwenye nywele.

Walipobaki wawili, kijana akasema, "Takwimu."

"Bima," akajibu dada, akafungua faili. "Mwenza, hakuna. Halafu kila jioni dakika arobaini kwa namba moja. Wapekuzi wanauliza, anayefichwa ni nani? Umekwama hapo. Nimefungua faili jana, namba nikakuta ni yangu."

"Nilikuwa nakulinda."

"Umenilinda mpaka nimefutika."

"Na wewe si ulinidanganya?"

"Wewe, ndiyo. Fomu, hapana. Kwenye fomu yangu upo, jina mpaka namba ya viatu."

Kijana akainamia meza. "Ripoti yako itasemaje?"

"Kwamba mgeni aketishwe na mpekuzi siku ya kwanza, aelezwe kwa nini anaulizwa, asahihishe alichoogopa kuandika. Ungeelezwa, usingeozea hapa. Na faili lako nalirudisha kwa mkuu leo, nimwambie namba ile ni yangu."

"Watanifukuza?"

"Ukisahihisha mwenyewe, hapana. Ukingoja wakugundue, ndiyo."

Kijana akanyoosha mkono, akaichomoa kalamu kwenye zile nywele. "Basi nakata hili neno. Naandika mchumba, yaishe."

Dada akaidaka kalamu kabla haijagusa karatasi.

"Umeniuliza lini?"