Filamu ya Kilio cha Bihambwe

Sylvain alilala kifudifudi mbele ya televisheni yake mwenyewe, kisogo kimepasuliwa kwa jembe. Jembe lenyewe lilikuwa limeachwa mlangoni, wala muuaji hakujisumbua kulipangusa.

Inspekta Grégoire hakumsikitikia hata kidogo. Ukumbi huu wa video wa Kashuga ndimo kundi la wapiganaji wa msituni lilimopatia vijana. Sylvain alilitengenezea filamu za chuki, akazionyesha bure kwa watoto wa kambi ya wakimbizi, nao wakatoka pale damu ikiwachemka. Bure, jamani!

Akawasha mashine. Kijiji kinawaka moto. Kisha jeneza, na mjane analia hadi sauti inamkauka. Msimulizi akanguruma: "Maadui wameua baba zetu Bihambwe. Mukuje tulipize!"

Grégoire akairudisha nyuma, akakunja uso. Marehemu jenezani alivaa suti, ndevu zimenyolewa. Nyuma yake kwaya imevaa sare, vitambaa vya kijani shingoni, inaimba bila haraka. Watu waliovamiwa hukimbia hata bila viatu. Nani kati yao hupata wasaa wa kumnyoa maiti?

"Mwongo mkubwa wewe," aliiambia maiti ya Sylvain.

Kule Bihambwe, Papa Paul, mwalimu wa kwaya ile, aliitazama picha ya filamu mara moja tu.

"Huyu mjane ni nani?" Grégoire akamwuliza.

"Iko Claudette. Ile njo kilio, mazishi ya bwana yake. Malaria njo ilimuua. Sylvain alikuja kupiga video, alisema iko ya ukumbusho ya familia."

Claudette alikuwa shambani, aking'oa magugu ya maharage kwa mikono.

"Mama, jembe lako liko wapi?"

"Uko nalo, Papa Inspekta."

Grégoire akachuchumaa kando yake.

"Kwa nini ulimuua, Mama?"

"Mutoto yangu Evode alikuwa anatumika kazi kule Buleusa. Aliona ile filamu. Akanipigia simu: 'Mama, walimuua baba, uko unanificha!' Nilimuapia kwa Mungu. Akaamini televizio. Akaingia mu pori, akafia kule." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nikaenda kumuomba Sylvain aniondoshe mu filamu, watoto ya wengine wasiende. Akacheka. Akasema machozi yangu njo inavuta vijana kuliko bunduki."

Kabla hajamfunga pingu, simu ya Grégoire ikalia kwa ujumbe. Kundi la msituni linasambaza filamu mpya: maiti ya Sylvain ukumbini, moshi umeongezwa juu yake. "Maadui wameua ndugu yetu!"

Claudette naye akaiona.

"Unipige video," alisema. "Niseme ni miye, mama wa hapa hapa. Wasiende kuua watu juu ya kosa yangu."

Akamrekodi. Aliungama yote, neno kwa neno, macho makavu. Grégoire akaituma kila alikoweza.

Hawajafika hata kituoni, majibu yakaanza kumiminika. Grégoire akalisoma la kwanza.

"Ule si njo mama mwenye tuliona analia mu filamu? Masikini! Maadui wamemulazimisha kusema uongo. Vijana, twende."